Mke Wangu Hasafiri

Kwii. Kwii. Kwii.

Sauti ilitangulia, kutoka nyuma ya ukuta wa shule. Ilikuwa sauti ya chuma kinachosaga chuma. Ilinyamaza, ikaja tena, ikanyamaza. Mwanamke anayeuza mkaa kwenye kona aliinua kichwa akasubiri.

Toroli likatokea. Lilikuwa toroli la kubebea mchanga, lenye gurudumu moja. Ndani yake alikaa bibi mzee, juu ya kipande cha godoro. Mguu wake wa kulia ulifungwa kitambaa. Aliyesukuma ni mke wa mwanawe, anayeitwa Mama Pacha. Mtoto mchanga alilala mgongoni mwake. Jasho lilimchuruzika mpaka kidevuni.

"Shikamoo, mama," alisema Mama Pacha.

"Marahaba, mwanangu. Weka chini upumue."

Bibi alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nimebeba watu maisha yangu yote," alisema. "Leo nabebwa kama saruji."

"Saruji hailalamiki, Mama," alisema mkwe wake.

"Saruji haina kidonda."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Muuza mkaa aliutazama ule mguu. Kitambaa kilikuwa kimelowa maji ya njano.

Mtaani muuza mkaa huyu aliitwa Mama Tiketi. Alikata tiketi ndani ya mabasi miaka kumi na minane. Baadaye alikaa ofisi ya mabasi miaka mitano, akiandika ratiba. Magoti yalipomshinda alirudi nyumbani, akafungua kibanda cha mkaa.

"Saa sita inakaribia," alisema. "Chumba cha vidonda kinafungwa saa saba. Nendeni. Kilima hakijaanza."

Mama Pacha akashika mikono ya toroli. Kwii. Kwii. Kwii.

Zamani haikuwa hivi. Zamani lilikuwapo basi la saa tano.

Mama Pacha aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alikwenda bombani mara mbili. Mumewe, Baba Pacha, alikunywa chai akapanda basi la saa kumi na mbili kwenda kiwandani. Mama Pacha aliwapeleka pacha wao shule, akawavusha barabara kubwa mmoja mkono huu, mwingine mkono huu. Alipita mashineni kusagisha. Alipita sokoni. Saa tano alimpandisha Bibi kwenye basi wakaenda zahanati. Robo saa tu, wakafika. Saa saba walipanda basi la kurudi. Alishuka shuleni, akawachukua pacha.

Safari zake zilishikana kama shanga. Ukikata uzi, zote zinamwagika.

Na uzi ulikatwa. Siku moja karatasi ilibandikwa kituoni: "Basi la saa tano na basi la saa saba yameondolewa kwa kukosa wasafiri." Yakabaki mabasi mawili ya alfajiri na mawili ya jioni. Yote yalifuata saa za kiwanda.

Mama Pacha alijaribu basi la alfajiri. Mara mbili alimkalisha Bibi kwenye benchi la zahanati tangu saa moja mpaka saa kumi. Mara ya pili, pacha mmoja alichoka kusubiri langoni mwa shule. Alijaribu kuvuka barabara peke yake. Lori lilifunga breki hatua mbili kutoka kwake. Mama Pacha hakurudia tena. Alikwenda kuazima toroli.

*

Muuguzi wa chumba cha vidonda alifungua kitambaa polepole. Harufu ilijaa chumbani. Hakugeuza uso.

"Bibi, unaumwa nikigusa hapa?"

"Hapana, sista."

"Na hapa?"

"Hapana. Mguu hauumi kabisa. Afadhali ungeuma, ningejua kama bado ni wangu."

Muuguzi akamgeukia Mama Pacha. "Umesikia? Hiyo ndiyo hatari. Kisukari kinaua hisia za mguu. Kiatu kinachubua, yeye hajui. Lengelenge linapasuka, hajui. Wadudu wanaingia, hajui. Kwa hiyo lazima macho yetu yajue. Kidonda hiki kinatakiwa kusafishwa kila baada ya siku moja. Kadi inaonyesha mmekuja mara tatu tu mwezi huu."

"Najua, sista."

"Kama unajua, mbona huji?"

Mama Pacha alitazama viganja vyake. Malengelenge ya toroli yalikuwa yamepasuka. "Nakuja kwa hili gurudumu," alisema. "Kuja tu ni saa nzima na nusu. Kurudi ni hivyo hivyo. Siku nyingine nafika, mlango umefungwa."

Muuguzi aliosha kidonda, akakifunga, akaandika kwenye kadi. "Usimwache azidishe siku tatu," alisema. "Nakuomba. Mguu huu hauna muda wa kutusubiri."

*

Jioni Baba Pacha alirudi. Alikuwa mtu mwema, lakini mwenye kichwa kigumu. Kiwandani alikata sponji za magodoro tangu asubuhi, amesimama. Vumbi la sponji lilikaa kwenye nyusi zake kama unga. Alikula, akamsalimu mama yake, akaulizia mguu.

"Sista amesema twende kila baada ya siku moja," alisema Mama Pacha.

"Basi nendeni."

"Kwa usafiri gani? Kwa mabawa?"

"Pandeni basi la alfajiri. Mimi napanda kila siku, sijafa."

"Wewe unapanda, unashuka, umefika. Mimi nina shule, nina mashine, nina maji, nina mtoto mgongoni. Nimpandishe Mama alfajiri, pacha atawavusha nani?"

"Mama Pacha, una mchana mzima," alisema mumewe. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza jambo dogo. "Mimi naamrishwa na kengele. Wewe huna kengele. Panga tu mambo yako."

Mama Pacha akakusanya vyombo akatoka. Yapo maneno yanayojibiwa kwa mdomo, na yapo yanayojibiwa kwa kusugua sufuria.

Kisha mvua ikaanza. Ilinyesha siku sita. Kilima cha zahanati kiligeuka utelezi mtupu. Siku ya pili toroli lilizama katikati ya njia, Bibi akiwa ndani. Mama Pacha alilivuta mpaka akapiga magoti. Wanaume wawili waliokuwa wanapita walisaidia kulitoa, lakini waliligeuzia nyumbani. Siku ya tatu hakwenda. Siku ya nne hakwenda. Siku ya tano Bibi alipata homa, akaanza kuzungumza na marehemu mume wake. Vidole vya mguu vilikuwa vyeusi.

Siku ya sita walimpeleka hospitali kubwa kwa gari la jirani. Daktari alitazama mara moja tu. Mguu ukakatwa chini ya goti.

*

Mama Pacha alibaki hospitali kumwuguza mama mkwe wake. Mtoto mchanga alibaki naye. Baba Pacha aliomba ruhusa ya siku saba kazini ili akae na pacha. Jioni ya kwanza alikaa kwenye kizingiti, mikono imening'inia. Mama Tiketi alimfuata pale, akavuta kigoda.

"Pole, Baba Pacha."

"Tumeshapoa. Kazi ya Mungu."

"Mungu msimsingizie," alisema Mama Tiketi. "Nataka kukuuliza. Mwaka jana alikuja msichana wa takwimu, ana fomu. Alipita nyumba hadi nyumba Jumamosi jioni. Unamkumbuka?"

"Namkumbuka. Aliuliza habari za safari."

"Alimuuliza nani?"

"Mkuu wa kaya. Mimi."

"Ulimwambiaje?"

Baba Pacha alifikiri. "Nilimwambia nakwenda kazini saa kumi na mbili, narudi jioni. Safari mbili."

"Na mkeo?"

Akaokota kijiti, akakivunja.

"Baba Pacha. Na mkeo?"

"Nilisema mke wangu hasafiri. Yuko nyumbani."

Mama Tiketi hakucheka wala hakufoka. "Nimekaa ofisi ile miaka mitano," alisema. "Hizo fomu ndizo zinazopanga mabasi. Wanahesabu: saa hii wanasafiri wangapi, saa hii wangapi. Mtaa huu wameulizwa wanaume kumi na wawili. Nimewauliza: wote kumi na wawili wamejibu kama wewe. Karatasi zikasema: kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, mtaani kwetu hakuna mtu anayekwenda popote. Ofisi ikasema, basi la nini?"

"Lakini yeye hasafiri," alisema Baba Pacha. Sauti yake ilianza kupungua. "Anakwenda bombani. Anakwenda sokoni. Hapa hapa tu."

"Safari ni nini? Ni tiketi? Kutoka mlangoni kwenda mahali kwa shughuli ni safari. Kwa basi ni safari. Kwa miguu ni safari. Na ndoo kichwani ni safari. Na mgonjwa kwenye toroli, hiyo nayo tuiiteje? Matembezi?"

Baba Pacha aliinamisha kichwa.

"Wewe unashona magodoro," alisema Mama Tiketi.

"Nakata sponji."

"Haya, unakata sponji. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Umelala juu ya usufi huo siku nyingi."

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa gauni akatoa chupa mbili tupu za maji. Akaziweka kwenye kizingiti.

"Hii yako, hii ya mkeo. Wiki hii shughuli zake unafanya wewe, kwa hiyo chupa yake utaijaza wewe. Ukitoka mlangoni mikono mitupu, tia kokoto moja nyeupe. Ukitoka na mzigo, au mtoto, au mgonjwa, tia chenga moja ya mkaa. Ukitoka sehemu moja kwenda nyingine kabla hujarudi nyumbani, hiyo pia ni safari. Usidanganye. Na kwenye chupa yako mwenyewe, tia safari za kazini kama ungekwenda."

*

Siku ya kwanza Baba Pacha alikwenda bombani mara mbili, akamwaga ndoo moja njiani. Aliwapeleka pacha shule. Alikwenda mashineni, akakuta foleni. Alikwenda sokoni. Alibeba chakula cha mgonjwa akatembea mpaka hospitali, kwa sababu mabasi hayakuwapo. Alipofika, mkewe alikuwa amelala kwenye sakafu chini ya kitanda cha Bibi, mtoto kwapani. Alikaa dakika kumi tu, kwa maana pacha walikuwa wanatoka shule. Alirudi mbio. Aliwakuta langoni.

"Baba, umechelewa," alisema mmoja.

"Mama hukimbia zaidi," alisema mwingine.

Usiku haukumpa hata nafasi ya kuwaza. Alilala na viatu.

Siku ya saba alimwaga chupa sakafuni. Chupa yake ilitoa kokoto mbili za kila siku ya kazi: kumi na mbili, nyeupe, safi. Chupa ya mkewe ilitoa rundo. Alihesabu sitini na nne. Nyeusi zilikuwa hamsini na tano. Vidole vyake vilibaki na mkaa.

Mkewe alikuwa amekuja nyumbani kubadili nguo. Alisimama mlangoni akitazama.

"Mama Pacha," alisema mumewe bila kuinua uso. "Yule msichana wa fomu. Nilimwambia mke wangu hasafiri."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa ndio kwanza natoka bombani, ndoo iko kichwani."

"Mbona hukusema kitu?"

"Kwenye fomu yako? Ningepitia wapi?"

Baba Pacha alirudisha kokoto chupani, moja moja. Mwanamume anaweza kuwa hodari kiwandani, akasifiwa na mkubwa wake, na bado akawa kipofu katika chumba anacholala.

"Mama anajua?" aliuliza.

"Mimi sijamwambia," alisema Mama Pacha. "Huo ni mzigo wako."

*

Mama Tiketi hakuishia nyumba moja. Alizunguka mtaa mzima na chupa. Wanaume wengine walitania.

"Mama Tiketi, sasa unauza mkaa kwa chenga?"

"Nauza macho," aliwajibu. "Wewe yako yamechelewa kuletwa."

Baba Pacha aliwafuata wale waliocheka zaidi. Hakuhubiri. Aliwaambia tu, "Mama yangu amekatwa mguu. Jazeni chupa." Hakuna aliyecheka mara ya pili.

Baada ya wiki moja walikuwa na chupa ishirini na nne, mbili kwa kila nyumba. Walizibeba kwenye karai mpaka ofisi ya mabasi. Walikwenda wanane: wanawake sita, Baba Pacha, na fundi viatu wa mtaani.

Mpanga ratiba alikuwa mtu wa makamo, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alimtambua Mama Tiketi akasimama.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Hizi ni nini tena?"

"Marahaba. Ni wasafiri uliosema hawapo."

Mama Tiketi alizimimina kwenye meza ya mpanga ratiba. Kwanza chupa za wanaume: vilima vidogo vyeupe. Kisha za wanawake. Mkaa ulienea mezani, ukaangukia sakafuni, ukamwingia kwenye mikono ya shati.

"Kila chenga ni mtu aliyetoka na mzigo," alisema Mama Tiketi. "Nyingi ni kati ya saa tatu na saa nane. Tumeandika saa pembeni, hii hapa karatasi."

Mpanga ratiba aliisoma. Aliisoma tena. "Fomu zetu zilisema tofauti," alisema.

"Fomu zenu ziliniuliza mimi," alisema Baba Pacha. "Nilijibu nisichokijua. Fomu haina kosa. Tuliokosa kujua ni sisi tulioulizwa, na ninyi mliotuuliza. Safari za mke wangu, muulizeni mke wangu."

Ndipo Mama Pacha akazungumza, mara ya kwanza.

"Na msije Jumamosi jioni," alisema. "Saa hizo tuko bombani."

*

Haikuwa rahisi. Walirudi pale mara nne. Waliambiwa mabasi hayatoshi, wakaambiwa dereva hakuna, wakaambiwa wasubiri mwaka mpya. Mama Tiketi alijua kila mlango na kila kisingizio, maana vingine aliwahi kuvitumia mwenyewe. Mwezi wa tatu, ofisi ilituma wahesabu tena. Safari hii walikuja asubuhi na mchana, wakamuuliza kila mtu mzima safari zake mwenyewe, za miguu na za basi. Mwezi wa nne, basi la saa tano likarudi. Basi la saa saba likarudi. Mlangoni mwa basi wakaongeza ngazi ya chini, kwa ajili ya wazee na wenye mizigo.

Wiki ya kwanza, muuguzi alikagua mguu wa Bibi uliobaki. Kati ya vidole aliona mchubuko mdogo, mdogo kuliko punje ya mtama. Bibi hakuwa ameuhisi. Muuguzi akausafisha. Baada ya siku moja walirudi, akausafisha tena. Baada ya siku kumi ulikauka.

"Huu tumeuwahi," alisema muuguzi. "Lakini lazima niuone kila Alhamisi. Kila Alhamisi, mpaka mwisho wa maisha yake."

Baba Pacha alimwendea msimamizi wa kiwanda, akaomba Alhamisi aingie zamu ya jioni.

"Kuna nini Alhamisi?"

"Nampeleka mama yangu zahanati."

"Kwani mkeo amefariki?" aliuliza msimamizi, na wakata sponji wawili wakaangua kicheko.

"Yu hai," alisema Baba Pacha. "Nataka aendelee kuwa hai."

Alipewa zamu hiyo. Lakini jambo moja lilibaki. Kila siku alimwona mama yake akijifunza kusimama kwa mikongojo, akianguka, akisema, "Ndivyo Mungu alivyopanga." Na kila siku alikaa kimya.

Jumatano jioni alimkuta ameketi kitandani, anajipaka mafuta kwenye kisigino. Mama Pacha alikuwa pembeni, anakunja nguo. Baba Pacha alichuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama, sio Mungu."

"Nini sio Mungu?"

"Basi. Lile basi liliondolewa kwa maneno. Watu kumi na wawili walisema, na mmoja ni mimi. Walikuja kuniuliza, nikasema mke wangu hasafiri. Safari zake sikuzitaja hata moja. Wewe sikukutaja kabisa."

Bibi aliacha kupaka mafuta. Mkono wake ulishuka mpaka mahali mguu ulipoishia, ukatulia hapo.

"Ulinisahau," alisema.

"Nilikusahau."

"Kila siku ulikuwa unaniuliza mguu unaendeleaje."

"Ndiyo, Mama."

"Na hukujua unafikaje kwa sista."

"Sikujua."

Machozi yalimtoka Bibi, machache, akayafuta haraka kama mtu anayefukuza nzi. "Siwezi kukwambia leo kwamba nimesamehe," alisema. "Nitakuwa mwongo. Ule mguu ulishazikwa, nao haujui kusamehe. Niambie habari za huu."

Baba Pacha alikishika kisigino cha mama yake kwa mikono miwili. Mama Pacha aliacha kukunja nguo.

"Mama, mke wangu ni shahidi," alisema Baba Pacha. "Kesho ni Alhamisi. Nitakupandisha basi la saa tano mimi mwenyewe, na Alhamisi ijayo, na kila Alhamisi maadamu ninapumua. Kila usiku nitautazama mguu huu kwa taa, kidole kwa kidole, kabla sijalala. Na mtu akija kuuliza nani anasafiri katika nyumba hii, nitakaa kimya mpaka ninyi wawili mmalize kusema."